Umefunga Kamba?

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mgongo wangu unanyooka wenyewe kwenye kiti. Ilikuwa mchana wa jua kali, feni ya ofisi yetu pale hospitalini Mirongo, Mwanza, imegoma tangu asubuhi, na mimi Kabula, binti wa Misungwi ambaye hata mwaka kazini sijamaliza, nimekaa mbele ya skrini nyeusi huku jasho likinichuruzika mpaka kwenye viwiko. Usiseme Mama Shija, kama mnavyoniita siku hizi, ameanza kujisifu. Au sema tu, sijali. Umri huu nimejipa ruhusa ya kujisifu kidogo, na siku hiyo ninayo haki nayo.

Najua katika kazi hii ya mitandao mtu akishavuka hamsini mnamwona bibi. Mnanisalimia shikamoo kwa sauti ya chini kama mnaingia wodini. Marahaba, wanangu, lakini sijafa. Keti hapo, vuta kiti, nikusimulie, maana kesho utaachiwa zamu peke yako na nisingependa uanze kabla hujalisikia hili.

Wakati huo hospitali yetu ya mjini ilikuwa ndiyo kwanza imeunganishwa na vituo vya afya vya ng'ambo ya ziwa. Kila kituo kilikuwa na rauta yake, lile boksi linaloelekeza mawasiliano yapite wapi, na sisi tuliokuwa mjini tuliziongoza zote kutoka mezani kwetu. Hapakuwa na vipicha vya kubonyeza kama mlivyozoea. Ilikuwa skrini nyeusi na maandishi basi. Unaandika amri, unabonyeza, na boksi lililoko kilomita nyingi huko linatii papo hapo. Ukiacha amri ya kujizima, halikuulizi kama una uhakika, wala halijali kama umeamka vibaya.

Sasa sikiliza, hapa ndipo wengi wanapoungua. Ukiingia kwenye rauta ya mbali unaingia kwa njia ileile unayotaka kuibadilisha. Ukikosea namba moja tu, njia inakatika, na wewe umebaki nje, ufunguo uko ndani. Hakuna amri nyingine itakayofika kule. Dawa yake ilikuwa kwenda mwenyewe kwa miguu yako: upande gari mpaka Kigongo, upange foleni ya kivuko nyuma ya malori ya pamba na mabasi ya Bukoba, uvuke hadi Busisi, halafu ule vumbi la barabara mpaka kituoni. Nyie leo mnapita darajani mkisikiliza muziki, hamjui foleni ile ilivyokuwa inamzeesha mtu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Bujiku. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kichwa kikubwa na sauti ya kuitia ng'ombe, na rauta aliita lauta mpaka anastaafu, na hakuna mtu aliyethubutu kumcheka. Marehemu baba yake alikuwa mchimba visima huko kwetu Misungwi, na yeye mwenyewe utoto wake wote alikaa juu ya mdomo wa kisima akivuta udongo kwa ndoo. Ukimuuliza jambo la mtandao atakujibu kwa mambo ya visima, mpaka ukajiuliza kama mtu huyu alisomea kompyuta au alisomea udongo.

Wiki yangu ya kwanza alinipa rauta ya mazoezi pale mezani, akaniambia niibadilishe anwani. Nikaandika mbiombio, nikitaka anione mwepesi. Kufumba na kufumbua skrini ikaganda. Nikanyoosha mkono nikaizima na kuiwasha tena, nikacheka. Yeye hakucheka.

“Hapa umenyoosha mkono,” akasema. “Kule ng'ambo utanyoosha nini?”

Nikainamisha uso. Ndipo akanionyesha jambo ambalo kwake lilikuwa sheria. Rauta, akasema, inabeba mambo yake mahali pawili. Lile unaloiamuru sasa hivi inalishika kichwani tu, na ikizimwa inalisahau. Mpaka uiamuru kusevu ndipo inaliandika moyoni. Kwa hiyo, kabla hujagusa kitu chochote cha mbali, amri yako ya kwanza iwe hii: baada ya dakika kumi, jizime na ujiwashe upya. Kisha fanya kazi yako. Ukikosea na kujifungia nje, kaa utulie. Dakika zikiisha boksi litajiwasha, litakuwa limesahau upuuzi wako, na njia ya zamani itarudi. Na ukiona mambo yamekaa sawa, futa ile amri ya kujizima, halafu ndipo usevu.

“Mchimbaji hateremki shimoni mpaka kamba imefungwa juu, kwenye mti,” akaniambia. “Baba yangu akishaweka mguu mmoja shimoni alikuwa anauliza kwa kelele, umefunga kamba? Nami nilikuwa mtoto mdogo, lakini nisipojibu hateremki.”

Tangu hapo amri ile tukaiita kamba. Nami nikaifanya desturi. Kila nikiketi kufungua rauta ya mbali vidole vyangu vilifunga kamba kabla akili haijafika, kama vile mtu anavyovua viatu mlangoni. Nilifanya kimyakimya, bila kumwambia mtu. Kumbuka hilo neno, kimyakimya, tutalirudia.

Maana lazima ujue nililelewaje. Kwetu binti anamsalimia mkubwa akiwa amepiga goti, macho chini. Mkubwa akizungumza, unasikiliza. Mkubwa akikosea, unanyamaza, na ukiona aibu sana unatoka nje kuchota maji. Mimi nilikuja mjini na goti langu hilohilo. Kila asubuhi nilimpigia Mzee Bujiku goti katikati ya nyaya na makopo ya chai, yeye akiguna tu, “Marahaba, inuka, utachafua sketi.” Kumwambia mtu kama yule kwamba amesahau kitu? Thubutu! Ningeona bora nimeze ulimi.

Basi siku yenyewe ndiyo hiyo ya feni iliyogoma. Mchana ule kituo kimojawapo cha ng'ambo, huko mbele ya Busisi, kilipokea mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke, aliyeanguka kwenye pikipiki. Alikuwa anaongea, anajua jina lake, lakini shingo inamuuma vibaya na vidole vya mkono mmoja vinakufa ganzi. Tabibu wa pale, kijana mmoja aliyeitwa Deus, alimpiga picha ya eksirei huku amemlaza kwenye ubao, asimwinue hata kichwa. Lakini kuisoma picha ya shingo hakuweza. Kazi hiyo ilikuwa ya Daktari Shirin, huku kwetu mjini.

Daktari Shirin alikuwa Mhindi wa hapahapa Mwanza, kazaliwa hapa, babu yake alikuwa na duka la vitambaa hapa mjini, na Kisukuma chake kilimshinda hata Mzee Bujiku kwa utani. Siku hiyo hakutania. Alisimama mlangoni kwetu na koti lake jeupe, simu sikioni.

“Bujiku, picha inakuja nusu na kukatika, inakuja nusu na kukatika,” akasema. “Deus ananiuliza amsafirishe au asimsafirishe. Kama mfupa umepasuka na wakamkalisha kwenye gari vile wanavyowakalisha wengine, yule mwalimu hatatembea tena. Labda na kupumua hatapumua. Mimi siwezi kubahatisha shingo ya mtu.”

Simu za wakati ule, mwanangu, hazikuwa za kutuma picha kama hizo zenu. Kulikuwa na njia yetu tu, na njia ilikuwa inakohoa. Mzee Bujiku alijua sababu. Mnara wa zamani uliokuwa ukitubebea mawasiliano ya kituo kile ulikuwa na hitilafu, na mnara mpya ulikuwa umeshasimikwa, tunasubiri tu siku ya kuhamia. Akaamua tuhamie saa hiyohiyo. Maana yake ilikuwa kuingia kwenye rauta ya kule kwa njia mbovu, na kuiamuru ishike njia mpya.

Alipokuwa bado amesimama na Daktari, akimweleza, mimi nilikuwa nimeshaketi nimeingia kwenye rauta ile. Vidole vikafanya desturi yao. Nikafunga kamba. Rauta ikaniuliza kama nathibitisha, nikabonyeza. Hata sikufikiri.

“Sogea,” akasema Mzee Bujiku.

Nikasogea. Akaketi, akavuta kibodi, akaanza kuandika. Nilisimama nyuma ya bega lake, nikatazama. Nikaona amri ya kwanza aliyoandika, si kamba. Ya pili, si kamba. Mzee mwenyewe, mtoto wa mchimba visima, aliyenifokea wiki nzima kwa ajili ya jambo hilo, haraka imemchukua na amesahau. Loo! Nilitaka kusema. Maneno yalikuwa yamefika hapa, kooni. Mzee, mimi nimeshafunga, usiwe na wasiwasi. Au: Mzee, umesahau kamba. Lakini Daktari alikuwa amesimama pale, na mbele ya mgeni ndiyo kabisa hulikosoi jambo la mkubwa. Nikanyamaza.

Akaandika anwani ya njia mpya. Akabonyeza. Skrini ikaganda.

Akabonyeza tena. Akabonyeza kwa nguvu, kama anayegonga mlango. Halafu akashika kichwa chake kikubwa kwa mikono miwili.

“Namba,” akasema. “Nimegeuza namba. Mungu wangu, nimejifungia nje.”

Daktari Shirin akashusha simu. “Maana yake nini?”

“Maana yake hata ile nusu ya picha hupati sasa.” Akasimama, anatafuta funguo za gari mfukoni, sauti imemwisha. “Naenda Kigongo. Mwambie Deus asimguse. Nitavuka, nitafika.”

“Bujiku, utafika jioni! Mtu amelala kwenye ubao!”

Kijasho chembamba kilinitoka, mwanangu, na hakikuwa cha feni. Nilimwona mwalimu yule nisiyemjua, amelala anatazama dari, anaambiwa usitikisike, na hajui kuwa anangoja kivuko. Nikapiga moyo konde.

“Mzee,” nikasema, kwa sauti ndogo ambayo hata mimi niliisikia kwa shida. “Kamba ipo.”

Akageuka. “Kamba ipi?”

“Nilifunga. Kabla hujaketi.”

Sijawahi kumwona mtu akiketi polepole vile. Funguo akaziweka mezani. Akanyoosha mkono akazima sauti ya simu ya mezani iliyokuwa inalia, tukaanza kungoja.

Watu husema dakika kumi ni kidogo. Waje niwaeleze. Nilianza kujitilia shaka. Je, kweli nilibonyeza kuthibitisha, au nilisogea kabla? Je, niliandika dakika au niliandika saa? Vidole vyangu vilikuwa vinakumbuka, kichwa kilikuwa hakikumbuki kitu. Daktari alikuwa anaongea na Deus kwa sauti ya taratibu, anamwambia amshike mwalimu mkono, amzungumzishe, amuulize habari za watoto wake. Mzee Bujiku alitazama skrini bila kupepesa. Nami nilisali, nikiri wazi, nilisali kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, kwa kila lugha ambayo Mungu angenisikia haraka.

Halafu mstari mmoja ukatokea kwenye skrini. Kisha wa pili. Rauta ya ng'ambo inaitika.

“Eee!” akapiga kelele Mzee Bujiku, ile sauti ya ng'ombe, mpaka watu wakatoka ofisi za jirani. Boksi lilikuwa limejiwasha, limesahau namba yake mbovu, limerudi kwenye njia ya zamani, inakohoa vilevile lakini ipo. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

Akasimama, akavuta kiti, akakigeuza upande wangu. “Kaa wewe. Mimi nitakusomea namba.”

Nikaketi. Na safari hii akauliza, kwa nguvu, kila mtu akisikia: “Umefunga kamba?”

“Nimefunga.”

“Haya. Andika.”

Akasoma, nikaandika, nikamsomea tena nilichoandika kabla ya kubonyeza. Nikabonyeza. Skrini ikasita kidogo, halafu ikaendelea. Njia mpya imeshika. Akaniambia ondoa kamba, nikaiondoa, nikasevu. Daktari Shirin alikuwa ameshakimbilia chumbani kwake. Picha ikapita yote, shingo nzima, kutoka ng'ambo ya maji mpaka mezani kwake.

Mfupa ulikuwa umepasuka. Ufa mwembamba, akatuambia baadaye, ambao mtu akiutazama kwa nusu ya picha haoni kitu. Akamwelekeza Deus hatua kwa hatua: asimwinue, asimkalishe, amfunge shingo, aweke mifuko ya mchanga huku na huku, wamvushe kivukoni akiwa amelala palepale kwenye ubao. Wakafanya hivyo. Mwalimu akafika mjini vidole vyake vyote vinacheza. Baada ya miezi akaja ofisini kwetu kwa miguu yake, na kikapu cha viazi vitamu, akauliza ni nani alifungua njia. Mzee Bujiku akaninyooshea kidole. Haki ya Mungu, siku hiyo kichwa kilinivimba, nilitembea Mirongo yote kama vile mji ni wangu.

Lakini nimeruka mbele. Turudi mchana uleule. Mkuu wa hospitali alikuja mbio, amesikia kelele na amesikia njia ilikatika. Akauliza nani amekata. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye kiti, mwanangu, mimi ndiye mdogo kuliko wote chumbani, na unajua lawama hupenda kumwangukia nani. Mzee Bujiku hakuacha hata mtu avute pumzi.

“Mimi,” akasema. “Niligeuza namba. Kabula ndiye aliyeturudisha. Andikeni hivyo.”

Mbele ya wote. Mtu mzima, mwenye heshima zake, ambaye angeweza kukohoa tu na kutazama dirishani na jambo likapita. Nimefanya kazi na wakubwa wengi tangu hapo, na bado hilo nimeliona kwa wachache. Nilijisikia nimekua palepale.

Watu walipotawanyika, akafunga mlango. Nikajua sasa nitapewa sifa za faragha. Nikajiandaa kuinamisha uso kwa adabu. Ebo! Mzee alinigeukia amekunja uso.

“Sasa niambie,” akasema. “Kwa nini hukusema?”

“Kusema nini, mzee?”

“Kwamba umefunga. Niliketi pale sijui. Tuseme nisingekosea namba. Tuseme njia mpya ingeshika mara moja, nikasimama kabla sijasevu, nikakutuma kwa dereva au kwa fundi wa feni. Wewe uko nje, picha inapita, Daktari anaisoma, na kamba yako inavuta! Boksi linajizima katikati ya picha, linarudi kwenye njia mbovu, na mimi nabaki nimeduwaa sijui kumetokea nini. Si ungeniua?”

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo.

“Uliniona nimesahau?”

“Nilikuona, mzee.”

“Ukanyamaza.”

“Wewe ni mkubwa wangu, mzee. Niliona si heshima.”

Akaketi ukingoni mwa meza. Hasira zikamtoka, akabaki anatazama mikono yake. “Kabula,” akasema, “baba yangu alikuwa akiuliza pale mdomoni mwa shimo kama kamba imefungwa. Siku moja mimi niliona fundo limelegea, na nilikuwa mtoto, na yeye alikuwa baba. Unafikiri nilinyamaza? Nilipiga ukelele mpaka kijiji kikaja. Alipotoka shimoni aliniinua juu mbele ya watu wote. Heshima uliyonipa leo ni ya mtu aliyekufa, maana maiti ndiye haambiwi kitu. Mimi bado naishi. Niambie.”

Nililia, sitakuficha. Nililia kwa aibu, na pia kwa furaha, maana hajawahi mtu mkubwa kuniomba nimkosoe. Akaniacha nilie, akaenda kumwita fundi wa feni yeye mwenyewe.

Kuanzia kesho yake akaweka desturi ambayo wageni wakiingia ofisini kwetu hudhani tumerukwa na akili. Anayeketi kugusa rauta ya mbali husema kwa sauti, nimefunga kamba. Asiposema, aliye karibu humuuliza, hata kama aliye karibu ni mfagiaji na aliyeketi ni mkurugenzi. Na anayeulizwa hujibu vizuri, hanuni. Mara ya kwanza kumuuliza Mzee Bujiku niliuliza huku natazama sakafu. Akanijibu, “Nimefunga, mama, asante,” kwa sauti pole ambayo sikuijua kuwa anayo.

Yeye alistaafu, akarudi Misungwi kwa ng'ombe na mihogo yake. Mimi nikaachiwa kiti. Vituo vikaongezeka, vya visiwani na vya nchi kavu, vyombo vikabadilika, mambo mengi siku hizi unabonyeza kwa kipanya. Lakini ile skrini nyeusi ipo, na siku mambo yakiharibika kweli ndiyo tunayoikimbilia, unajua mwenyewe.

Sasa juzi walikuja wale wageni, wewe ulikuwa likizo. Wakubwa watupu, suti na tai, wamekuja kutazama jinsi tunavyoongoza vituo vyote kutoka hapa. Nilikuwa nimesuka nywele, nimevaa kitenge changu cha bluu. Nikaketi niwaonyeshe. Maneno yananitoka kama maji, nikaingia kwenye rauta ya kisiwani, nikaanza kuandika, nyuma yangu wanasema aah, aah. Mara nikasikia sauti nyembamba kutoka upande wa dirisha.

“Samahani, mama. Umefunga kamba?”

Neema. Yule aliyeanza kazi mwezi huu, binti wa Kikerewe asiyeweza hata kumtazama mtu usoni. Amesimama wima, mikono inamtetemeka, amenikatiza mbele ya suti zote zile. Mgeni mmoja akageuka akamkazia macho, kana kwamba mtoto amekatiza sala.

Nikatazama skrini. Ile desturi ya vidole, miaka yote hiyo! Sifa zilikuwa zimenilewesha.

“Sijafunga, mwanangu,” nikasema, ili kila mtu asikie. “Asante.” Nikafunga, nikaendelea.

Wageni wasipoelewa, shauri lao. Mimi nilikuwa na furaha ya kunitoa machozi. Jioni nikampigia simu Mzee Bujiku, sasa masikio yake mazito, inabidi upige kelele. Nikamsimulia yote, suti, kitenge, Neema, mikono inavyotetemeka.

“Nawe ukajibuje?” akauliza.

“Nikasema sijafunga. Nikasema asante.”

Nilimsikia ng'ombe mmoja akilia upande wake.

“Wabeja, Kabula,” akanishukuru kwa Kisukuma. “Basi leo ndiyo nimestaafu.”

Ndiyo maana nimekuketisha hapa, mwanangu. Kesho utakuwa peke yako kwenye kiti hiki, na vituo vyote vile vitakuwa mikononi mwako, na nyuma ya kila boksi kuna mtu amelala kitandani hakujui. Kabla hujagusa, funga njia ya kurudi. Ukishafunga, sema, hata kama chumbani hamna mtu, uzoee kusema. Kazi ikikaa sawa, fungua kamba, halafu usevu. Ukikosea, sema mimi ndiye, kabla hujaulizwa. Na ukimwona mkubwa wako anateremka bila kamba, awe mimi, awe nani, usiiname kwa adabu. Niulize. Mbele ya yeyote. Nitakuwa nimekasirika kwa kitambo kidogo tu, halafu nitakupenda maisha yangu yote.

Nenda sasa ukalale mapema. Mungu akupe vidole visivyo na papara na ulimi usioogopa cheo cha mtu. Njia zako zote za mbali zirudi salama. Na siku ukiwa mzee kwenye kiti hiki, Mungu akusimamishie karibu na dirisha mtoto anayetetemeka, atakayekuuliza.